Ndege ya Mirihi na Ufagio wa Mama Hadija

Vijana wa kituo mmeniomba niwaandikie kurasa chache kabla sijasahau. Mmoja wenu akaongeza kwamba ziwe za kutia moyo. Nilicheka peke yangu. Mimi si mtu wa kutia watu moyo, na kusahau sisahau. Hilo ndilo lililonigombanisha na wakubwa miaka yote. Nitawaandikia niliyoyaona kazini, kuanzia asubuhi ya kwanza hadi Ijumaa ile niliporudisha funguo. Vyeo nilivyopanda na nilivyoshushwa mtavikuta kwenye faili langu, kama panya wa stoo hawajavimaliza. Hapa nitasema habari za upepo, za vumbi, za ndege ndogo zilizofundishwa kujiongoza zenyewe ili siku moja zikapeleleze sayari ya Mirihi, na za mwanamke mmoja aliyefagia.

Wapo watakaosema nimeandika kwa hasira. Ni kweli, nimeandika kwa hasira.

Nilianza kazi Kiomboi, kwenye kituo kidogo cha kupima hali ya hewa, msichana wa kidato cha nne mwenye viatu vya kuazima kwa dada yake. Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja, uzio wa waya, kipimamvua, na mlingoti wenye vikombe vitatu vilivyozunguka kupima kasi ya upepo. Mkuu wa kituo alikuwa Mzee Mpinga, mtu mfupi aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwa la kuchoma. Hakuwa na maneno ya kumkaribisha mtu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Namba unazijua?"

"Nazijua."

"Saa tatu inagonga. Nenda kasome kipimamvua, uje uandike."

Ilikuwa katikati ya kiangazi. Nilikwenda, nikachungulia, nikakuta pakavu, nikarudi nikachora kistari kwenye daftari. Mzee Mpinga akaweka kidole juu ya kile kistari.

"Hii nini?"

"Hakuna mvua, mzee."

"Uliangalia?"

"Niliangalia."

"Sasa mbona umeandika kama hukuangalia? Kistari maana yake mtu hakufika. Wewe umefika, umekuta hakuna. Andika sifuri. Sifuri ni kazi, binti. Kistari ni usingizi."

Nikaandika sifuri. Nikaandika sifuri kesho yake, na keshokutwa, miezi mitano mfululizo, huku nikijiuliza kama kweli watu hulipwa kwa jambo hili. Mnaoanza sasa na kompyuta zenu zinazojiandikia hamtajua adha ya kuandika sifuri kwa mkono. Lakini nawaambia, hakuna kilichonifaa zaidi ya zile sifuri.

Mwaka wangu wa pili nilikwenda kwetu Ulemo kwenye msiba, nikachelewa kurudi, nikakosa kipimo cha upepo cha asubuhi. Niliporudi nikatazama namba ya jana na ya mchana, nikachukua ya katikati, nikaiandika kwa mwandiko safi kabisa. Nilijiona hodari. Mzee Mpinga alikuja jioni, akasoma, kisha akanionyesha bati la choo chetu likiwa limelala nje ya uzio. Upepo wa asubuhi ile ndio uliolirusha, na namba yangu ilisema asubuhi ilikuwa shwari.

Hakunipigia kelele wala hakufuta. Alinipa kalamu ya wino akaniamuru niandike pembeni ya ile namba: "Sikuwepo. Namba hii nimeibuni." Kisha nitie sahihi na jina kamili. Nilimchukia wiki nzima. Daftari lile bado lipo, na sahihi yangu ipo, ina matone ya machozi kama mnataka kucheka.

Mzee Mpinga alistaafu, baadaye akafariki, nikabaki na madaftari. Miaka mingi nilisoma upepo wa wilaya yetu ya Iramba asubuhi na jioni. Sisi watu wa Singida tumezoea upepo kiasi kwamba hatuusemi, ila ukikoma ndipo tunaulizana kuna nini. Mimi nilikuwa nimeuandika wote, na sikuwahi kuambiwa wa nini.

Ndipo ukaja Mradi. Walikuja na magari mawili, wataalamu wa kigeni na Watanzania wenzetu kutoka mjini, wakasema wanatafuta mahali penye upepo wa kubadilika, vumbi, mawe na watu wachache, kwa ajili ya kujaribu ndege. Kati yao alikuwemo Injinia Lena, mzungu mrefu aliyejifunza Kiswahili vitabuni, kwa hiyo alikisema kwa usahihi uliotutisha. Yeye ndiye aliyeandika programu ya macho ya ndege. Akaomba kuona madaftari ya upepo. Alipekua kwa muda mrefu, mara akasimama kwenye ukurasa mmoja akaanza kucheka.

"Mama Naomi, hapa umeandika kwamba umebuni."

Nikasema ndiyo, nilibuni.

"Basi kurasa nyingine zote naziamini," akasema. Siku hiyohiyo aliniomba nijiunge nao kama fundi wa eneo. Mzee Mpinga angekuwa hai ningemnunulia kofia mpya.

Kwa wale mnaoingia leo na kukuta kila kitu kimepangwa, niwaeleze tulikuwa tunafanya nini. Hewa ya Mirihi ni nyembamba mno, lakini hilo walilijaribu kwao, ndani ya pipa kubwa la chuma lililonyonywa hewa. Kwetu hawakuja kwa ajili ya hewa. Walikuja kufundisha ndege kuona na kuamua. Mirihi iko mbali kiasi kwamba ukituma amri kwa redio inachukua dakika nyingi kufika. Ukiona kwenye kompyuta kwamba ndege inaanguka, huko ilishaanguka zamani, na sasa vumbi limetulia. Kwa hiyo ndege lazima ijiongoze bila kumuuliza mtu.

Inajiongozaje? Tumboni ina kamera inayotazama chini. Inapiga picha ya ardhi, inapiga nyingine papo hapo, inalinganisha. Kijiwe kilichokuwa hapa sasa kiko pale, basi nimesogea kiasi hiki. Ni hivyo tu. Ndege nzima, na akili zake zote, inaning'inia kwenye vijiwe. Mirihi hakuna barabara wala mnara wa simu wa kuielekeza.

Ndege yenyewe ingekaa ndani ya beseni la kufulia. Ilikuwa na miguu minne myembamba na mapanga mawili marefu yanayozunguka kama ya feni, moja juu ya jingine. Vitabu vya Mradi viliipa jina refu la herufi na namba. Sisi tuliiita kidege.

Uwanja wa majaribio ulikuwa bondeni, mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka Ulemo, kwenye ardhi nyekundu yenye changarawe na vichuguu. Mnaotunza videge sasa, shikeni haya. Kioo cha kamera kisipanguswe kwa kitambaa kipya, kinakwaruza. Tumieni kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikachoka. Betri zisiachwe kwenye gari lililofungwa mchana. Kisulisuli kikitokea upande wa mashamba ya alizeti msikikimbie, kitazameni kwanza, kwa kuwa mara nyingi kinapinda kabla ya kufika. Na mbuzi wana haki ya kupita. Walikuwepo kabla yenu.

Kwa ajili ya mbuzi hao Mradi uliajiri mlinzi wa uwanja. Jina lake Mwajuma Salumu, lakini sote tulimwita Mama Hadija. Mji wake ulikuwa pembeni kabisa ya uwanja, na alinizidi umri, kwa hiyo kila asubuhi nilimwamkia, naye kila asubuhi aliniuliza habari za watoto mmoja mmoja kwa majina kabla hajaniruhusu kuanza kazi. Alikuwa mwanamke safi wa kupitiliza. Kwake hukuti jani chini. Kidege alikiona kama mgeni wa Mradi, mgeni asiyekula wala kusalimia, lakini mgeni.

Sasa nakuja penyewe.

Mwaka wa tatu wa Mradi tuliambiwa wageni wakubwa wanakuja kuona kidege kikiruka. Wengine kutoka nje, wengine kutoka serikalini. Meneja wetu hakulala wiki nzima. Mchana wa kuamkia siku hiyo nilipita na pikipiki kwa Mama Hadija.

"Mama, kesho wageni wanakuja. Wakubwa."

"Wangapi?"

"Kama kumi na watano hivi."

"Haya mwanangu. Nimesikia."

Hayo ndiyo tuliyosema, sikuongeza neno. Nataka mkumbuke kwamba ni mimi niliyesema. Nimelelewa Iramba, najua vizuri mama wa kwetu akiambiwa wageni wanakuja atafanya nini. Hata hivyo nilipanda pikipiki nikaenda zangu.

Asubuhi tulipofika na magari, katikati ya uwanja, pale kidege kinapotua, palikuwa pamefagiliwa. Mama Hadija na wakwe zake wawili walianza jioni ile na kumalizia alfajiri. Eneo la ukubwa wa viwanja vya nyumba nne halikuwa na kijiwe, wala jani, wala kinyesi cha mbuzi. Mawe yote yalikuwa yamekusanywa pembeni yakajengwa lundo zuri. Juu ya udongo kulikuwa na mistari ya ufagio, nusu duara moja baada ya nyingine, safu kwa safu, imelala kama mkeka.

Nitasema ukweli wangu, kwa sababu huu si wakati wa kujipamba. Nilijua kamera inaona kwa vijiwe. Nilikuwa nimefanya nayo kazi miaka mitatu. Na nilipoona pale nilifurahi. Nilimwambia, "Mama, pamependeza." Naye akajifunga kanga yake vizuri akaenda kusimama kando, kama mwenye nyumba anavyosimama.

Kidege kiliruka vizuri. Kilikwenda mpaka kwenye vichuguu, kikazunguka, kikapiga picha, kikarudi. Wageni wakapiga makofi. Kikaja juu ya pale palipofagiliwa kikaanza kushuka, na hapo nikaona kinakwenda kombo. Upepo ulikuwa mdogo tu, lakini ulikisukuma na chenyewe hakikujua. Kila mstari wa ufagio ulifanana na wa jirani yake. Kikiangalia chini kinaona mstari, kikisogea kinaona mstari uleule, basi kinaamini kimesimama. Kilishuka kwa utulivu kabisa huku kikiteleza pembeni, mpaka kikapiga lile lundo la mawe. Panga la juu lilikatika likaruka karibu na mguu wa mgeni mmoja.

Kisha Mama Hadija akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kimeumia?"

Ripoti ilitoka siku ya nne. Ilikuwa na kurasa nyingi, lakini sababu ya ajali ilikuwa mstari mmoja: uzembe wa mhudumu wa eneo aliyeharibu uwanja wa majaribio bila ruhusa. Mhudumu ameondolewa. Kurasa zote hizo hazikumtaja hata jina. Chini kulikuwa na nafasi tatu za sahihi, ya Meneja, ya Injinia, na ya fundi wa eneo, yaani mimi. Mbili zilikuwa zimejazwa.

"Mama, hapa tunahitaji sahihi yako tu," Meneja akasema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa. Ndege ikiwa na kasoro, Mradi unasimama na maswali yanakuja kutoka juu. Mfagiaji akiwa na kasoro, anaondolewa na kazi inaendelea kesho.

"Uzembe uko wapi?" nikamuuliza.

"Amefagia uwanja wa majaribio."

"Mimi ndiye niliyemwambia wageni wanakuja."

"Ulimwambia afagie?"

"Nilimwambia wageni wanakuja. Wewe mama yako akiambiwa hivyo anakaa?"

Akatazama dirishani. Nikaendelea, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza. "Na huko Mirihi nani atakwenda kutupangia vijiwe? Kule kuna upepo, kuna mchanga. Upepo wa kule unafagia na hauombi ruhusa kwa mtu. Kidege kikifika juu ya mchanga uliofagiliwa na upepo, mtamwondoa nani kazini?"

"Mama, wewe ni fundi wa eneo. Mambo ya programu waachie wenye programu."

Nikamgeukia Injinia Lena. Alikuwa ameinamisha uso kwenye karatasi zake. "Mama Naomi, hali ya jaribio ilibadilishwa," akasema. "Hilo ni kweli." Lilikuwa kweli. Ndiyo maana liliniuma zaidi.

"Sisaini," nikasema.

Sikusaini siku hiyo, wala wiki iliyofuata walipomleta mtu wa ofisi ya mjini kuniongelesha kwa upole, wala mwezi uliofuata alipokuja mwingine asiye na upole. Nikahamishiwa stoo. Zaidi ya misimu miwili nilikaa kwenye chumba cha bati nikipanga betri, gundi na mapanga ya akiba, mimi niliyezoea kusimama kwenye upepo. Wenzangu wengine waliacha kunywa chai na mimi. Majina yao nayajua na baadhi yao ni mabosi wenu sasa. Sitawataja. Wajitaje wenyewe.

Jumamosi ya kwanza ya stoo nilikwenda kwa Mama Hadija kumwambia kilichoandikwa. Kupoteza kazi alikupokea kimya. Neno ndilo lililomchoma.

"Uzembe? Mimi Mwajuma?" Alisimama na ungo mkononi. "Ningewaacha wageni wakanyage mavi ya mbuzi, huo ungekuwa uzembe! Hapa kijijini wanasema nimeangusha ndege kwa ufagio. Watoto wananiimbia. Mimi nimezeeka na jina langu safi, Naomi, halafu leo karatasi inaniita mzembe?"

Nilimwambia sitasaini. Akasema, "Usiposaini, linafutika?" Nikasema halifutiki. Akarudi kupepeta mtama wake, na siku hiyo hakuniuliza habari za watoto.

Nilirudi Kiomboi sijielewi. Kukataa ni kitu kimoja, lakini kukataa kwangu hakukumsafisha mtu. Nilikuwa najua kidege kilikosea, ila nilijua kwa mdomo. Mzee Mpinga angeniuliza swali lake lilelile: uliangalia?

Jumamosi iliyofuata nilirudi na simu yangu, kamba, na mti mrefu. Nikamwomba Mama Hadija afagie kipande cha uwanja wa nyumba yake kama alivyofagia siku ile. Alikataa, akasema ufagio amekwisha kuukoma. Nikauchukua mwenyewe nikaanza. Hakuvumilia hata dakika kumi.

"Lete huku. Unafagia kama unafukuza kuku."

Akafagia. Nikafunga simu kwenye ncha ya mti, nikaiinua, nikapiga picha za chini, hatua moja baada ya nyingine, picha kumi kwa mpangilio. Kiomboi nikazichapisha kwenye duka la vifaa vya ofisi. Nyuma ya kila picha nikaandika namba yake kwa kalamu.

Jumatatu nilimkuta Injinia Lena akinywa chai peke yake. Nikamwekea picha mezani, zimechanganywa.

"Zipange. Ipi inafuata ipi?"

Lena alikuwa mwanamke wa kujivuna na kazi yake, na hilo sikuwahi kumlaumu nalo. Alivuta kiti. Akalinganisha pembe, akalinganisha vivuli, akahamisha hii, akarudisha ile. Chai ikapoa mbele yake. Mwishowe akaziweka mstari mmoja na kuegemea nyuma.

"Una uhakika?" nikamuuliza.

"Nina uhakika."

Nikazigeuza. Ya kwanza ilikuwa mahali pake. Tisa zilizobaki hazikuwa mahali pake.

Akazirudia moja moja kwa kidole. Kisha akasema polepole, "Sikukosea tu. Nilikuwa na uhakika."

"Na kidege kilikuwa na uhakika," nikasema. "Kilipokosa kuona, kilibuni. Kikaandika kwa mwandiko safi kabisa."

Akainua uso akanitazama, nikajua amekumbuka lile daftari.

Ilichukua misimu miwili. Sitajifanya naelewa yote aliyoyaandika Lena kwenye programu ile, lakini shabaha yake naielewa, kwa sababu alikuja stoo kunieleza kila hatua, akiwa amekaa juu ya kreti la betri. Alikuwa anakifundisha kidege kusema sijui. Picha zikifanana kupita kiasi, kisijaze namba kutoka kichwani. Kisimame, kikiri kwamba hapa sioni, kipande juu mpaka kione kitu cha kweli, kisha kirudi mahali pa mwisho kilipokuwa na hakika. Meneja alisema tunapoteza muda kwa ajili ya hali isiyo ya kawaida. Lena akamjibu, kwa Kiswahili chake cha vitabuni, "Meneja, Mirihi yote ni hali isiyo ya kawaida." Nilitamani nimpikie kuku.

Wakati wa kujaribu ulipofika alihitajika mtu wa kufagia. Lena mwenyewe alikwenda kwa Mama Hadija kumwomba radhi. Alimpa shikamoo, akakaa chini kwenye mkeka kama inavyotakiwa. Mama Hadija akamsikiliza mpaka mwisho.

"Lile neno limetoka kwenye karatasi?"

Lena akasema amejaribu, ila ripoti ilishapelekwa, ofisi imekataa kuigusa.

"Basi nitafagia," Mama Hadija akasema, "lakini si kwa ajili yenu. Nataka mjue kwamba safari hii nafagia makusudi."

Akafagia makusudi. Kijiji kizima kilikuja kutazama, pamoja na wale waliokuwa wakimwimbia. Alifagia kwa mistari iliyofanana zaidi kuliko ile ya kwanza, na mawe akayajenga lundo palepale. Kidege kikaruka, kikarudi, kikaanza kushuka juu ya ule mkeka wa mistari. Nilishika mlingoti wa vikombe vya upepo mpaka vidole vikauma. Kilipofika kimo cha mtu kikasita. Kikayumba kidogo. Kisha kikapanda juu, juu zaidi, kikageuka taratibu kama mtu anayetafuta njia, kikaondoka pale na kwenda kutua nje ya eneo lililofagiliwa, kwenye changarawe, wima kwa miguu yake minne.

Nililia, na sioni haya kusema. Mama Hadija alikuwa ameegemea ufagio wake.

"Kimekataa kukaa," akasema kwa sauti ili wote wasikie. "Kimeona pasafi, kimeogopa kuchafua. Sasa kimepata adabu."

Kuanzia hapo hakuna kidege kilichotoka kituoni kwetu bila kupita kwenye uwanja uliofagiliwa. Mnaufagia hadi leo, najua mnanung'unika. Kama sehemu ya programu ile itafika Mirihi, hilo wataamua watu nisiowajua. Mama Hadija alirudishwa kazini, akalinda uwanja ule mpaka magoti yakamkatalia. Hakuna aliyemwimbia tena. Lakini ofisini lile neno lilibaki lilipo, na kila nilipokwenda kumsalimia aliniuliza, "Bado lipo?" nami nikamjibu, "Bado lipo, mama, na mimi bado sijasaini."

Nikaja kwenye Ijumaa yangu ya mwisho. Meneja wa sasa ni kijana, mnamjua, ana heshima zake. Aliniamkia, akanipa kiti, akapitia faili langu karatasi moja moja ili lifungwe. Kisha akatoa ile ripoti. Ilikuwa imeanza kuwa njano pembeni.

"Mama, iko fomu moja tu ya zamani haijasainiwa. Tuimalize, faili lifungwe."

"Umeisoma?"

"Nimeipitia. Mama, waliohusika wote wameshaondoka. Hakuna atakayeisoma tena."

"Wewe umeisoma sasa hivi."

Akatabasamu kwa adabu akasubiri. Nikaivuta karibu. Nafasi ya sahihi yangu ilikuwa tupu, na miaka yote hiyo nilikuwa nimejivunia utupu wake. Nilikuwa nimemwambia kila mtu, pale hapana sahihi ya Naomi. Lakini Ijumaa ile, nikiwa nimeishika mkononi, niliona kile ambacho Mzee Mpinga angekiona. Mtu wa kesho akifungua faili atakuta pengo, na pengo halimwambii kitu. Atadhani fundi wa eneo hakufika. Nilikuwa nimechora kistari.

Nikaomba kalamu ya wino. Nikaandika, kwa mwandiko wa daftari la upepo: "Nilikuwepo, niliangalia. Mwajuma Salumu hakuzembea. Alifagia kwa sababu mimi nilimwambia wageni wanakuja. Ndege ilikuwa na uhakika wa kitu ambacho haikukiona." Nikatia sahihi na jina kamili.

Kijana akaisoma mara mbili. "Mama, sasa hili faili siwezi kulifunga. Hii lazima ipelekwe juu."

"Ipeleke," nikasema, nikamwekea funguo mezani, nikaenda kupanda pikipiki ya kwenda kwa Mama Hadija.